Kurekodi Sauti Chini ya Mabati

Wengi wanaotaka kurekodi sauti nyumbani huanzia dukani, wakiulizia bei ya maikrofoni. Mimi ningekushauri uanzie ndani ya nyumba yako. Chagua siku ya kawaida, funga mlango, keti kimya kwa robo saa na uandike kila unachosikia. Ukiwa Kulamawe, kama kilomita 77 kutoka mjini Isiolo, Kenya, kwenye barabara ya kwenda Modogashe, orodha yako haitakosa haya: lori linalobadilisha gia, boda boda, mbuzi, jogoo wa jirani, upepo, na mabati yaliyo juu ya kichwa chako.

Mabati husahaulika. Jua likipanda yanatanuka, yanavutana na misumari na mbao, na kila yanaposogea yanatoa mlio mkavu, ta, kisha kimya, kisha ta-ta. Jioni yakipoa yanasinyaa na kulia upya. Sikio lako limeyazoea tangu utotoni, kwa hiyo halikuambii kitu. Maikrofoni haina mazoea. Utakuja kuusikia mlio huo ukiwa umekaa katikati ya neno, na hakuna programu itakayoutoa bila kulichubua neno lenyewe.

Orodha hiyo ndiyo itakayoamua urekodi saa ngapi, chumba gani na kwa kifaa gani. Kazi ya kurekodi ipo: tangazo la duka, darasa la watoto, mawaidha, kipindi cha kupeleka kwa redio za Isiolo kama Baliti FM au Radio Shahidi, simulizi za wazee, au kuchangia sauti kwenye Common Voice, mradi ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017 ambao sasa unakusanya sauti za Kiswahili ili mashine zijifunze kutusikia tunavyosema sisi wenyewe. Pale Common Voice mtu mwingine husikiliza ulichosoma na kuamua kama kinafaa. Sauti iliyomezwa na kelele haimfai yeyote.

Kelele ni jambo moja, mwangwi ni jingine

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitapakalia kidogo. Kelele hutoka nje na kuingia. Mwangwi huzaliwa ndani, sauti yako inapogonga ukuta na kurudi kwenye maikrofoni ikiwa imechelewa. Dawa ya mwangwi ni vitu laini na vinene: godoro, blanketi, mikeka, nguo. Dawa ya kelele ni uzito na kuziba mapengo: ukuta wa mawe, udongo, mlango mzito usio na mwanya.

Blanketi halizuii lori. Mngurumo wa injini uko chini sana, kwenye hertzi 50 hadi 100, na wimbi lake moja lina urefu wa mita tatu na nusu hadi saba. Wimbi la ukubwa huo hupita kwenye blanketi kana kwamba halipo. Ukining'iniza mablanketi ukutani ukitarajia barabara inyamaze, utavunjika moyo na kudhani kazi hii ni ya wenye pesa. Mablanketi hayo yana kazi yake, lakini ni ndani ya chumba.

Basi kelele utaifanyaje? Sehemu ndogo utaiziba. Tazama pale ukuta unapokutana na paa: nyumba nyingi zina uwazi wa kupitisha hewa, na kelele nyingi huingilia hapo. Magunia yaliyojazwa matambara, yakisukumwa vizuri ndani ya uwazi huo, hupunguza kelele kuliko blanketi lolote la ukutani. Tambara jingine liweke chini ya mlango. Gharama yake ni joto, na joto la kwetu si la mzaha. Rekodi vipande vya dakika 15 au 20, kisha fungua, pumua, unywe maji. Feni usiiwashe wakati wa kurekodi.

Sehemu kubwa ya kelele utaikwepa kwa saa. Kwa nyumba ya mabati karibu na barabara, muda mzuri ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi, kabla ya adhana ya alfajiri. Kufikia hapo mabati yameshapoa na kutulia, upepo wa mchana umepungua, watoto wamelala na magari yamepungua. Saa mbaya kuliko zote ni jioni, mifugo inaporudi: wana-mbuzi wanalilia mama zao, punda nao hawanyamazi, na mabati ndiyo kwanza yanaanza kusinyaa. Mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika, kwa kuwa usiku una watu, kuna tarawehe na kuna daku. Wakati huo jaribu asubuhi mapema, baada ya Alfajiri, kijiji kinaporudi kulala na jua bado halijayachoma mabati. Mvua ikinyesha, weka vifaa pembeni. Hakuna ujanja wa kushindana na mvua juu ya bati.

Chumba na kona

Simama katikati ya chumba na upige kofi moja kali. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, trrr, ujue sauti inarushwa kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana, au kati ya sakafu ya saruji na bati. Sebule yenye viti vichache na sakafu ya saruji hutetemeka hivyo. Chumba cha kulala chenye kitanda, godoro na nguo zilizotundikwa mara nyingi huwa kimya zaidi, ingawa ni kidogo na hakipendezi machoni. Kichukue hicho.

Kama nyumbani kwenu bado ipo nyumba ya mviringo ya fito na mikeka, ya aina wanayojenga Waborana, Wagabra na Wasomali wafugaji, ipigie kofi vilevile. Haitatetemeka. Haina kuta mbili zinazotazamana sawasawa, na mikeka ya nyasi pamoja na ngozi hunyonya sauti kwa njia ambayo studio za mjini hulipia pesa nyingi kuipata. Udhaifu wake ni kwamba haizuii cha nje: mbuzi akikohoa uani utamsikia kama yuko kitandani. Na kama imefunikwa kwa karatasi za plastiki, upepo mdogo tu utazipapatisha. Usiku uliotulia, mbali na barabara, naitanguliza nyumba hiyo mbele ya chumba chochote cha matofali. Naona fahari kulisema hilo, maana waliotangulia kujenga hivi walijua mengi kuhusu makazi ya eneo hili ambayo hatujayaandika.

Katika chumba cha kuta nne, huhitaji kukifunika chote. Tengeneza kona moja. Maikrofoni nyingi husikia zaidi upande wa mbele, na mbele ya maikrofoni upo wewe, na nyuma yako upo ukuta. Kwa hiyo kitu kinene kuliko vyote kiwekwe nyuma ya mgongo wako, si nyuma ya maikrofoni kama wengi wanavyofanya. Simamisha godoro la inchi nne au zaidi kwenye pembe ya chumba, uketi ukilipa mgongo. Kulia na kushoto kwako tundika mablanketi mazito kwenye kamba, mawili mawili, yakiwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja au zaidi. Nafasi hiyo ina maana yake: hewa iliyogusana na ukuta haisogei, na kitambaa hunyonya sauti kwa kuizuia hewa inayosogea. Blanketi lililobandikwa ukutani hufanya nusu ya kazi.

Usisahau juu. Sehemu kubwa ya ukali wa sauti katika nyumba zetu hutoka kwenye bati, na ni watu wachache wanaolifunika. Funga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, tandaza duveti la mtumba juu ya kichwa chako kama paa la pili, likiwa chini ya bati kwa shubiri moja au mbili. Chini tandika mkeka na juu yake zulia. Mezani weka taulo lililokunjwa, kwa kuwa meza tupu hurusha sauti ya mdomo wako moja kwa moja kwenye maikrofoni. Trei za mayai ziache kwa wauza mayai. Ni nyembamba mno kunyonya chochote cha maana, na zinashika moto upesi.

Kuhusu moto, nasema kwa uzito. Godoro la sponji na mablanketi yaliyokuzunguka ni hatari mbele ya mwali. Koroboi, mshumaa na ubani visiingie kwenye kona hiyo hata kwa dakika moja. Tumia taa ya sola au tochi, na njia ya kutoka iwe wazi.

Ukimaliza, piga kofi tena. Kofi litasikika fupi na kavu. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, na utahisi maneno yanaishia mbele ya uso wako. Hapo kona imekamilika, na hujanunua kifaa chochote.

Simu kwanza

Simu uliyo nayo inatosha kuanza. Maikrofoni yake kuu kwa kawaida iko chini, karibu na tundu la kuchajia. Ivue kasha, ifute vumbi kwa brashi laini, na uielekeze upande huo kwako. Isimamishe juu ya vitabu ilingane na kidevu chako. Usiishike mkononi, kwa sababu kila kidole kinachosogea kitasikika.

Umbali ndio siri kubwa kuliko zote katika kazi hii. Kila unapoukata umbali nusu, sauti yako inaongezeka kwa desibeli 6 huku kelele ya chumba ikibaki palepale. Kutoka sentimita 60 hadi 15 umejipatia desibeli 12 bila malipo, na hakuna blanketi litakalokupa hizo. Pima shubiri moja, ncha ya kidole gumba kwenye midomo na ncha ya kidole kidogo kwenye kifaa, kisha kisogeze kidogo pembeni mwa mdomo ili pumzi ya herufi p na b isikigonge. Soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya hanga ya waya iliyopindwa duara, ikisimama kati yako na kifaa, humaliza sehemu kubwa ya pumzi iliyobaki.

Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Simu inayotafuta mtandao hutoa mlio wa dididi-dididi unaoingia kwenye nyaya zilizo karibu, na katika maeneo yenye mtandao dhaifu hutafuta kwa nguvu zaidi. Epuka vipokea sauti vya bluetooth kwa kurekodi, kwani maikrofoni zake huibana sauti mpaka ifanane na ya kupigiwa simu. Lakini vya waya uwe navyo, vya kusikilizia ulichorekodi. Spika ya simu itakufichia makosa yote.

Ukifika wakati wa kununua, anza na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, ya waya. Baadaye, kama kazi inakulipa, chagua ya aina ya dainamiki badala ya kondensa. Kondensa ni sikivu sana, na hapa kwetu usikivu huo utakuletea mbuzi, mabati na mwadhini wa msikiti wa pili. Dainamiki husikia cha karibu, na huvumilia joto na vumbi. Shure SM58, inayotengenezwa tangu mwaka 1966 na inayoonekana kwenye majukwaa kila mahali, ni ya aina hii; itahitaji kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, kwa hiyo kipigie hesabu hicho pia, na ujihadhari na za bandia, maana ni nyingi. Ukimaliza kazi, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Vumbi letu ni laini kama unga, na huingia popote.

Umeme una kelele zake. Stima ya Kenya ni ya hertzi 50, na waya mbovu hukuletea mvumo wa sauti hiyohiyo. Inveta za bei nafuu za sola huongeza mkwaruzo juu yake. Tiba ni nyepesi: chaji mchana, rekodi kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa. Kama hakuna budi kutumia jenereta, ipeleke mbali. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika Mashariki mwaka 1950 na 1952 akirekodi muziki wa vijijini, alitumia waya mrefu ili jenereta yake ikae mbali na wapigaji, na maikrofoni aliishika mwenyewe akiisogeza karibu na kila sauti aliyoitaka. Vifaa vimebadilika tangu hapo; mambo hayo mawili, kuitenga kelele na kuikaribia sauti, hayajabadilika.

Kwenye programu ya kurekodi chagua WAV, mono, hertzi 48,000 au 44,100. WAV ya 44,100 yenye biti 16 hula karibu megabaiti 5 kwa dakika, kwa hiyo saa nzima ni kama 320. Futa video za zamani mapema. Ongea kwa nguvu utakayotumia kweli, uone mshale wa kipimo cha sauti ukipanda hadi kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6. Ukigusa sifuri sauti inapasuka, na sauti iliyopasuka haishoneki. Kisha nyamaza, urekodi kimya cha chumba kwa nusu dakika. Kimya hicho usikifute, utakihitaji. ACX, soko la vitabu vya kusikiliza lililo chini ya Amazon, hutaka kelele ya chumba iwe chini ya desibeli hasi 60. Ni kipimo kigumu kwa nyumba ya mabati, lakini saa saba za usiku uliotulia unaweza kukikaribia. Kwa redio hutahitaji kufika huko.

Ukikosea neno, usisimamishe mashine. Nyamaza kidogo, piga kofi moja, urudie sentensi yote tangu mwanzo. Kofi litaonekana kama mlima kwenye mchoro wa sauti, nawe utajua pa kukata. Kwa kukata na kusafisha tumia Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000 na inayofanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu. Ondoa kila kilicho chini ya hertzi 80, kwa kuwa sauti nyingi za watu ziko juu ya hapo na mngurumo mwingi wa barabara uko chini. Tumia kile kimya cha chumba kuionyesha programu ipi ni kelele, kisha uipunguze kwa kiasi. Ukizidisha, msomaji ataanza kusikika kama anaongea akiwa ndani ya mtungi.

Ukimrekodi mzee

Usimlete mzee kwenye kona yako ya magodoro usiku wa manane. Mfuate alipo, kwa saa anayoitaka yeye. Mradi wa Singing Wells, unaoendeshwa na Ketebul Music ya Nairobi pamoja na Abubilla Music ya Uingereza, ulipata jina lake kutokana na nyimbo ambazo Wasamburu huimba visimani wakinywesha mifugo, na umerekodi muziki mwingi huko huko vijijini, nje. Nje hakuna kuta, kwa hiyo hakuna mwangwi. Adui anayebaki ni upepo. Keti naye chini ya mti ulio mbali na barabara, mapema asubuhi, maikrofoni ikiwa imebanwa kwenye nguo yake na kufunikwa kwa kipande cha sponji au manyoya. Angalia shanga na bangili zisiigonge. Kama ana tasbihi mkononi, sikiliza kwanza punje zake zinavyosikika. Zikisikika, sogeza maikrofoni upande wa pili wa kifua, usimwombe aiweke chini.

Kabla ya swali la kwanza, sema kwenye rekodi tarehe, mahali, lugha mtakayotumia, na umwombe ajitambulishe kama anavyopenda kuitwa. Muulize pia, mashine ikiwa inarekodi, kama anakubali na rekodi itumike wapi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahusu ridhaa ya namna hiyo, na simulizi, methali na nyimbo za jamii zina sheria yake tangu mwaka 2016, inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Kuna mambo mzee atasema ni ya ukoo tu. Yabaki ya ukoo.

Akianza kusimulia usimkatize kwa "ehee" na "ndiyo mzee". Mwitikie kwa kichwa na macho. Mbuzi akipita, acha apite. Katika simulizi ya mfugaji mbuzi hana kosa.

Usiku huohuo nakili faili mahali pawili, memori kadi na kompyuta, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni utakapofika Isiolo au penye mtandao mzuri. Faili iite kwa tarehe, mahali na jina. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama hati, kwa maana ujumbe wa sauti huibana na kuipunguza. Na mwenye sauti mpe nakala yake yeye au wanawe, kwenye simu wanayoweza kuifungua, kabla hujampa mtu mwingine yeyote.